Nguo Isiyo na Pindo

Mama mkwe wangu hakati uzi kwa mkasi. Anaukata kwa meno, kisha anatema kile kipande kilichobaki, na ukiwa umesimama karibu kitakuangukia mguuni. Nimeishi naye boma moja hapa Kalama tangu niolewe na mwanawe wa mwisho, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akimpa mtu neno tamu bila kulifuatisha na chungu. Akikusifia chapati, kaa chonjo. "Hizi chapati ziko laini," atasema, "hata mtu hana meno anaweza kula. Ni wewe umepika, ama umeomba kwa jirani?" Halafu anakula mpaka sahani inabaki tupu.

Habari za alikozaliwa na za waliomzaa nawaachia wazee wa ukoo, ambao hupenda kuzisimulia wakipewa chai. Mimi namjua kwa cherehani yake. Kabla sijaja hapa alikuwa akifanya kazi Athi River, kwenye kiwanda kimoja cha nguo ambako kila mtu alishona kipande kimoja tu, asubuhi hadi jioni. Yeye alikuwa wa mikono ya kushoto. Hakushona kola, hakushona mfuko, hata mkono wa kulia haukuwa wake. Alishona mikono ya kushoto ya mashati ambayo hakuyaona yamekamilika, na aliporudi nyumbani alirudi na cherehani ya miguu, kidole kimoja kisicho na ukucha, na dharau kubwa kwa kila mtu anayeshona polepole.

Ule ukucha ulichukuliwa na sindano ya mashine. Anasema hakupiga kelele wala hakuinuka; alifunga kidole kwa kitambaa na kumaliza kazi ya siku hiyo ndipo akaenda kuosha damu. Hadithi hiyo aliwasimulia wajukuu kila mmoja wao alipolia kwa kuchomwa na pini.

Na pini ziliwachoma kweli. Tepu alikuwa nayo, ikining'inia shingoni, lakini mtoto alimpima kwa shubiri. Alimbana katikati ya magoti, akamgeuza huku na huku, akatembeza vidole kutoka begani hadi gotini. Mtoto akicheka kwa kutekenywa, alidungwa pini kidogo pajani. "Ndiyo ukumbuke kusimama." Wajukuu wake wote wanajua kusimama wima. Mmoja sasa ni askari, na huwa namwambia amshukuru nyanya yake.

Kina mama wa kanisani walimwogopa, lakini hawakuacha kuja. Walimletea kaptura zilizopasuka makalioni na vigauni vilivyoachia mabegani, naye hakuwatoza kitu. Malipo yake yalikuwa kuwatukana. Kabla hajagusa nguo aliigeuza ndani nje akaiinua kwenye mwanga. "Nguo ni kama mtu," alisema, "ukitaka kumjua angalia upande wa ndani. Sasa hii yako, mama, ndani ni matatizo tupu." Kuna Jumapili alimwona mtoto wa jirani amevaa kaptura aliyoshonewa na mamake. Akamwita, akamsimamisha uani, akaanza kuifumua mshono kwa mshono huku mtoto yumo ndani, na mamake ameketi pale pale na kikombe mkononi. Mtoto alirudi nyumbani amefungwa leso kiunoni. Kesho yake kaptura ikarudishwa imeshonwa upya, imara na nadhifu, na yule jirani akashukuru, kwa sababu angefanya nini.

Krismasi ndiyo iliyokuwa sikukuu yake. Kila Desemba alishuka Machakos mjini akaingia kwenye duka la Msomali mmoja aliyeuza vitambaa kwa mita, akabishana naye mpaka yule mzee akamwekea kiti, maana alijua ugomvi hauishi leo. Alinunua jora la rangi moja, na siku ya Krismasi wajukuu wote wa boma waliingia kanisani wamevaa kitambaa kimoja, wasichana magauni na wavulana mashati. Watu waligeuka kutazama. Yeye alitembea nyuma yao akiwa amenyoosha shingo, na hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka niliyomwona akitabasamu na meno yote.

Sasa nieleze habari ya pindo, kwa sababu bila hiyo humwelewi mtu huyu. Kitambaa ni ghali, na mtoto hakui kwa ruhusa ya mtu. Kwa hiyo mwenye akili akimshonea mtoto gauni huacha pindo pana chini, upana wa kiganja, akalikunja ndani mara mbili na kulishikiza kwa mkono, kwa mishono mikubwa iliyolegea. Mwaka ujao linafumuliwa kunjo moja, mwaka wa pili la pili, na gauni linakwenda na mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa hodari wa mapindo. Magauni yake yalikuwa mazito chini, yakipiga miguuni mtoto anapokimbia. "Mtoto hapimwi vile ako," alikuwa akisema, "anapimwa vile atakuwa."

Mimi nilikuja hapa na mtoto. Mumbua alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na babake ni mtu ambaye sina haja ya kumtaja. Mume wangu alimbeba begani siku ya kwanza na hakumshusha. Akapeleka kwetu mbuzi za ntheo, zile mbuzi ambazo kwetu Ukambani zisipopelekwa hakuna ndoa, hata mkizeeka pamoja. Zikishapelekwa, mke ni wako na mtoto aliyekuja naye ni wako, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza. Ndivyo mila inavyosema. Mama mkwe wangu alikula nyama ya arusi ile na kufuta mikono, na mila akaiacha pale pale kwenye sahani.

Krismasi ya kwanza alimshonea Mumbua gauni la kitambaa kile kile cha wenzake. Nilifurahi mno. Nilimwambia mume wangu, unaona, mama amemkubali. Desemba iliyofuata, tulipotoa nguo za mwaka uliopita tuzifumue zivaliwe shambani, nikageuza gauni la Mumbua nikakuta chini limekunjwa kidogo tu, upana wa ukucha, na kupigwa cherehani. Hapakuwa na cha kufumua. Nikadhani kitambaa kilimwishia. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, nikamwendea.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "gauni ya Mumbua haina pindo."

"Ĩĩ, haina," akasema, bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Zile zingine ziko nayo."

"Hao wengine ni wa hapa. Nguo ya mgeni haiachiwi pindo. Mgeni ni wa kuenda."

Mumbua alikuwa amesimama kando yangu akisikia. Siku ile ndipo nilipojua ninachokitaka katika boma hili. Sikutaka shamba wala heshima yangu mwenyewe. Nilitaka mwanamke huyu amhesabu mtoto wangu. Nilikwenda nyumbani nikaunganisha kipande cha shuka ya mtumba chini ya lile gauni ili lifike magotini. Alipoliona alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemwekea mtoto mkia," akasema, na wale watoto wengine wakamwita Mumbua Mkia mpaka shule zilipofunguliwa.

Mume wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinigharimu. Nikimwambia, alikuna kichwa. "Mama ni mama. Atazoea." Mbele ya mamake alikuwa bubu. Nilimpenda, lakini mara nyingine nilitamani kumtia huyo bubu kofi.

Halafu tukapata mtoto wetu, msichana, naye hakumaliza wiki. Sitaeleza mengi. Tulipomleta kutoka hospitali kumzika, mama mkwe wangu alichukua shuka nyeupe mpya, aliyokuwa ameitunza sandukuni kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe, akaketi kwenye cherehani. Alifukuza kila aliyetaka kumsaidia. Alilia akishona, machozi yakidondoka juu ya kitambaa, na hakuyafuta. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia, na nikamhurumia, nikasema kumbe ana moyo.

Alinipa gauni nimvalishe mtoto. Lilikuwa dogo, safi, limeshonwa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuona mkononi mwake. Nikashika upande wa chini, nikahisi uzito. Aliacha pindo. Upana wa kiganja, limekunjwa mara mbili, kwa mtoto ambaye tungemfukia kabla ya jua kutua.

"Mwaitu, pindo ni ya nini?"

Alikuwa ameshanipa mgongo, anakusanya nyuzi. "Huyo ni wetu," akasema.

Mumbua alikuwa mlangoni, katika gauni lake la Krismasi lililokuwa limempanda mapajani. Alitazama lile pindo, akanitazama mimi. Nilimchukia mama mkwe wangu pale pale, nikiwa nimeshika maiti ya mwanangu, na yeye akiwa ndiye aliyelia kuliko sisi sote. Sijaona sababu ya kuacha kumchukia.

Lakini kuna hili, na sina budi kulisema. Macho yake yalipoanza kupungua nguvu, aliyemtungia uzi kwenye sindano alikuwa Mumbua. Wajukuu wa damu walitoroka kwenda kucheza, Mumbua alikaa. Alasiri nzima wawili hao walikuwa barazani, mmoja kwenye cherehani na mwingine chini miguuni pake. Alimfundisha kukata shingo ya gauni bila kupoteza kitambaa, kutia lastiki, kutoboa tundu la kifungo, kuunganisha mkono usivute kwapani. Alimfundisha kwa kumgonga vifundo vya vidole kwa mpini wa mkasi. Mshono ukienda kombo, alifumua wote. "Rudia." Mtoto alirudia. Nilimwambia Mumbua aachane naye, si lazima, akanijibu, "Lakini Susu haoni, mama." Alimwita Susu, nyanya, kama wenzake walivyomwita, na yule mama aliitika, kwa sababu alikuwa na haja na sindano.

Wageni wakija na kumsifu msichana, alikubali upesi. "Kushona anajua. Hawa wangu wote ni bure, huyu ndiye anajua." Kisha anatema uzi. "Ni vile tu si wetu." Watu huniuliza kama alimpenda. Nafikiri alimpenda, na akamnyima. Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa mkono mmoja, na mimi naona hiyo ni mbaya kuliko kama angemchukia tu.

Mume wangu alikufa kwa lori la mchanga lililopinduka likitoka mtoni. Siku ya mazishi mhubiri aliwaita watoto wa marehemu watangulie kutupa udongo kaburini. Mumbua alikuwa shule ya sekondari wakati huo. Akasogea mbele, ngumi yake imejaa udongo mwekundu, akilia kimya kimya kwa ajili ya baba pekee aliyemjua. Mama mkwe wangu akamshika kiwiko.

"Ameita watoto wa marehemu," akasema, na ukoo mzima ukasikia. "Kijana yangu hakuacha mtoto."

Mhubiri akababaika, akaita mara ya pili. Hakuna aliyetoka. Udongo wa kwanza ukatupwa na kaka za marehemu. Fikiria mama anayekubali mwanawe azikwe hivyo, bila mtoto wa kumtupia udongo, ilimradi huyu wangu asihesabiwe. Wazee walitazama chini. Mumbua alikaa na udongo wake mkononi mpaka tukarudi nyumbani, nikamfungua vidole kimoja kimoja nikamnawisha.

Walioniuliza kwa nini sikufungasha vitu nikaondoka hawajui maisha. Shamba hili nalilima mimi. Nyumba tulijenga mimi na marehemu, tofali kwa tofali, na watu wangu wawili wamezikwa kando ya migomba. Nilibaki, na nikawa namsalimia kila asubuhi, naye akawa anaitikia kwa pua.

Mumbua alimaliza shule akapata kazi Kithyoko, kushona sare za watoto wa shule. Huko akapatana na kijana anayeuza mbegu na dawa za mifugo, mtu wa kucheka sana, mwenye mikono mikubwa. Mwaka jana watu wake wakatuma neno: wanataka kuleta mbuzi za ntheo, waelekezwe boma la kuzileta.

Habari hiyo ilipofika hapa, mama mkwe wangu alibadilika ghafla hata nikadhani anaugua. Alifua vitambaa vya makochi, akavitupa, akashona vipya na kuvitia lesi pembeni, akipapasa kwa vidole kile ambacho macho hayakuona. Alifagiza uwanja mpaka vumbi likaisha. Kanisani alimwambia kila mtu kwamba mjukuu wake anaolewa. Na mimi, ambaye miaka yote aliniita "wewe", siku moja aliniita kutoka barazani, "Mama Mumbua! Kuja tuongee."

"Mjukuu wako ni gani, Mwaitu?" nikamuuliza.

"Si yule nilifundisha kushona. Ama kuna mwingine?" Hakuona haya hata kidogo. "Mbuzi zitakuja hapa. Boma ya baba yake ni hii."

Kwa hasira nilikwenda kupalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Wala sikuhitaji kumjibu. Wazee wa ukoo waliitwa kukubaliana juu ya siku, wakaketi juu ya vile vitambaa vipya, wakanywa chai. Mkubwa wao, mzee wa maneno machache, akaweka kikombe chini.

"Mama," akamwambia, "mwana wako alipeleka mbuzi kwa kina huyu bibi yake. Huyo msichana alikuwa wa kwetu, hakuna mtu angeuliza. Lakini siku ya kumzika ulisema hakuacha mtoto. Tulikuwa hapo sisi wote. Sasa mtu hakuacha mtoto, tutapokea mbuzi za msichana yake aje?"

"Hiyo ilikuwa tu uchungu," akasema mama mkwe wangu.

"Ilikuwa kaburi, mama. Kwa kaburi mtu hasemi tu."

Akawatazama mmoja mmoja. Wale ambao siku ile walitazama chini, leo nao walitazama chini. Kwetu neno lililosemwa mbele ya kaburi likiwa wazi, na ukoo ukalinyamazia, limekwisha kukubaliwa; hakuna mzee atakayelifukua kwa sababu mbuzi wameonekana. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alilitumia kumfukuza mtoto, na sasa lilikuwa limemfungia mlango yeye mwenyewe. Mbuzi zikapelekwa kwa kaka yangu, upande wa pili wa mlima. Tulikula, tukaimba, na nilicheza mpaka viatu vikakatika. Yeye alibaki hapa na makochi yake.

Wiki chache baadaye, Mumbua alikuja na mumewe kuniaga kabla ya kuhamia kwake moja kwa moja. Sikuwa nimemwambia mama mkwe wangu, lakini aliona watu wakipita akaja mwenyewe, polepole, mkono ukutani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisa. Akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akarekebisha kitambaa kichwani, akangoja.

Yule kijana ana adabu. Alisimama, akaenda kumwamkua kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mkewe akitabasamu, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za mtu aliyemfundisha kushona. "Na huyu ndiye nani yako?"

Mumbua alikuwa anamimina chai. Hakuacha kumimina.

"Huyu ni mama mkwe wa mama," akasema.

Hakulisema kwa hasira, wala sauti haikupanda. Sikuwa nimemfundisha. Alijaza kikombe, akatia sukari mbili kama mama mkwe wangu anavyopenda, akampelekea akiwa ameinama kidogo, kwa heshima yote, akahakikisha vidole vyake vimeshika sawasawa ndipo akaachia. "Karibu chai," akamwambia, bila jina. Kijana akarudi kukaa, hajui kilichotokea.

Mama mkwe wangu alikaa na kikombe mapajani. Mwishowe akanigeukia mimi, macho yale mabovu yakinikosa kidogo, yakitazama bega langu.

"Mama Mumbua," akasema, "mwambie huyu kijana mimi ni nani yake."

Nilifurahi. Furaha ilinijaa kifuani mpaka ikaniuma, na sikuona mtu wa kumwomba radhi. Mumbua aliniangalia, akingoja kusikia nitakavyojibu.

"Amesema sawa, Mwaitu," nikamwambia. "Kunywa chai, inapoa."